Mfalme Aliyeanguka Farasini na Kisiwa Kilichouzwa kwa Nguo

Wageni wengi tunaoishi Seoul tunayasifia majumba ya wafalme, hasa Gyeongbokgung, lililojengwa mwaka 1395, likateketea katika vita vya mwaka 1592 na kujengwa upya katika karne ya 19. Mimi mzaliwa wa Kilwa sistaajabii sana kuta, maana kwetu tuna Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani. Ninachowaonea Wakorea wivu ni jinsi walivyohifadhi habari za kuanzishwa kwa falme zao, zikiwemo zile zinazowaaibisha waanzilishi wenyewe.

Ufalme wa Joseon, uliojenga jumba hilo la Gyeongbokgung, ulizaliwa kwa uasi. Mwaka 1388 jemadari Yi Seong-gye alitumwa na mfalme wa Goryeo, dola iliyosimama tangu mwaka 918, kwenda kuishambulia Liaodong, iliyokuwa chini ya Uchina. Alipofika kisiwa cha Wihwado, katika Mto Yalu, alitoa hoja kwamba nchi ndogo haifai kuishambulia kubwa, kwamba msimu wa kilimo si wakati wa kukusanya askari, na kwamba mvua zimelegeza gundi ya pinde. Kisha akaligeuza jeshi kuelekea mji mkuu, na mwaka 1392 akakikalia kiti mwenyewe. Mwanawe wa tano, Yi Bang-won, ndiye aliyepanga kuuawa kwa Jeong Mong-ju, waziri aliyekataa kuisaliti Goryeo, na mwaka 1398 wadogo zake wa mama mwingine, mmoja wao akiwa mrithi aliyeteuliwa, waliuawa ili njia imfungukie.

Umwagaji damu huo umo katika kumbukumbu rasmi za ukoo huohuo, zinazohusu miaka 472, ambazo wafalme hawakuruhusiwa kuzisoma. Bang-won, akiwa sasa mfalme Taejong, alianguka kutoka farasini akiwinda mwaka 1404, akawaambia watu wake kwamba mwandishi wa historia asijulishwe. Mwandishi aliliandika anguko, na agizo hilo pia akaliandika.

Nisiwapambe kupita kiasi. Historia ya Goryeo, iliyokamilishwa mwaka 1451 chini ya Joseon, inadai kwamba U na Chang, wafalme wa Goryeo wa miaka yake ya mwisho, walikuwa damu ya mtawa Shin Don, si ya Wang, ukoo wa kifalme wa Goryeo. Dai lililomfaa mno aliyewaondoa, Yi Seong-gye.

Masimulizi yetu ya Kilwa nayo yana mwanzilishi wake, Ali bin al-Hasan wa Shiraz, anayesemekana kukinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote, kisha mkondo ukachimbwa ili muuzaji asiweze kuvuka kurudi maji yakipwa. Wazee husimulia habari ya nguo kwa fahari; ya muuzaji aliyezibiwa njia huipita haraka, ingawa kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Tatizo ni kwamba hatuna mahali pa kuisoma wenyewe: nakala ya Kiarabu iko London, na masimulizi mengine yamo katika Kireno cha mwanahistoria João de Barros, kilichochapwa mwaka 1552, ilhali hapa Korea mwanafunzi yeyote huzifungua kumbukumbu za Joseon bure kwenye intaneti, maandishi asilia na tafsiri ya Kikorea yakiwa pamoja.

Nikiyasema haya, jamaa wa nyumbani hunijibu kwamba Wakorea wana fedha. Lakini masimulizi ya Kilwa ni mafupi, na tafsiri ya Kiswahili yenye maelezo, iliyochapwa na kugawiwa shule zote za wilaya, sidhani kama ingefikia bei ya gari moja la mradi.