Mzungu Hana Barua ya LC1

Hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kila mtu ana ndugu aliyekwenda kyeyo, yaani kazi za ng'ambo, na ndugu hao wote walipita njia moja: uza ng'ombe, mpe ajenti pesa, panda ndege, kazi itajulikana hukohuko. Mimi nikasema hapana. Kazi kwanza, ndege baadaye. Ni fundi wa malori, cheti cha Idara ya Mafunzo ya Viwanda ninacho, na malori ninayolala chini yake yanatoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Juba na Goma. Ukishalikarabati lori lililozipita barabara hizo zote, hakuna lori duniani litakalokutisha.

Nikachagua New Zealand. Watu wakaniuliza kwa nini si Dubai kama binadamu wengine. Nikawaeleza kwamba kule wanaendesha kushoto kama sisi, wanaagiza magari yaliyotumika kutoka Japani kama sisi, na viza yao ya kazi, hii iliyoanza mwaka 2022, inamtaka mwajiri ndiye ahangaike kwanza. Anaomba kibali cha kuajiri wageni, kisha anaithibitishia serikali yake kwamba nafasi ipo kweli na malipo ni ya haki, na ndipo fundi anaruhusiwa kuomba viza. Nililipenda sana wazo la mtu mwingine kupanga foleni kwa ajili yangu. Sisi wa Malaba tunajua foleni ni nini.

Kilichonisumbua ni CV. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya Kiuganda kamili: picha ya pasipoti nimekunja uso, jina la baba, jina la babu, kabila, dini, parishi, kaunti ndogo, hali ya ndoa, na mwisho kabisa mambo nipendayo, yaani kusoma vitabu na kupata marafiki. Wenzetu hawataki picha, wala umri, wala dini. Wanataka kujua umefanya kazi gani, wapi, na nini kilipona mikononi mwako. Nikafuta yasiyotakiwa, karatasi ikabaki na jina langu na namba ya simu. Ikabidi nianze kuandika injini, moja baada ya nyingine, mpaka ukurasa ukajaa.

Maombi nikatuma mengi. Wengi wakanyamaza. Kampuni moja ya malori huko Hamilton, kusini mwa Auckland, ikajibu: mahojiano kwa video, Jumanne, saa tatu asubuhi.

Saa tatu asubuhi ya kwao, naam. Mwezi ulikuwa Juni, na mwezi huo wako mbele yetu kwa saa tisa. Maana yake kwetu ni saa sita kamili za usiku, Jumatatu ikivua viatu. Ingekuwa majira yao ya joto, ambapo wanasogeza saa mbele, tofauti ingekuwa saa kumi na mimi ningehojiwa saa tano usiku. Hiyo nayo isingenisaidia kitu.

Nyumbani kwangu mtandao unapatikana ukisimama juu ya stuli karibu na dirisha. Kwenye yadi tunakotengenezea malori kuna waifai na taa kubwa ya ulinzi. Nikamweleza askari wa jioni mpango wangu wote, akanielewa, akaniombea dua mkono kichwani. Saa nne akamaliza zamu akaenda kwake na siri yangu yote, bila kumwachia mwenzake hata neno moja.

Basi saa sita kasoro nimekaa kwenye ofisi ya vipuri, koti la suti la mjomba juu ya ovaroli safi, tai shingoni. Wakatokea wawili kwenye simu: mkuu wa gereji, mzee mwenye ndevu nyeupe, na mama mmoja wa idara ya wafanyakazi. Mzee hakupoteza muda.

"Lori linatoa moshi mweusi. Unaanzia wapi?"

Hapo nikatulia. Moshi mweusi ni dizeli nyingi, hewa haba: kwanza chujio la hewa, kisha mabomba ya tabo kama yanavuja, ndipo injekta. Wa bluu, oili inaungua. Mweupe usiokwisha injini ikishapata moto, chunguza maji na gasketi. Mzee anatikisa kichwa, mama anaandika. Nikajiona nimeshafika Hamilton.

"Na breki za hewa? Hapo ulipo kuna lori unaloweza kunionyesha?"

Lipo! Trela niliyoimaliza jioni ileile, ufunguo ninao mfukoni kwa sababu alfajiri nilipaswa kuijaribu. Dereva wake, mtu wa Mombasa, alikuwa amekwenda kulala loji. Ndivyo alivyomwambia kila mtu. Kumbe alifika loji, akaulizia bei, akarudi kimyakimya kulala kwenye kitanda cha nyuma ya viti, pazia limefungwa.

Nikapanda, nikaiegemeza simu kwenye dashibodi ikinitazama, nikawasha. Ngurumo ikajaa yadi. "Tunangoja hewa ijae," nikawaeleza kwa Kiingereza changu cha suti. "Ikijaa nazima injini, nakanyaga breki, nasikiliza kama kuna mahali panapumua." Mshale ukapanda, sita, saba. Vali ikapumua, pssss, ishara kwamba tangi zimejaa.

Pazia likafunguka.

Sikuona kitu. Walioona ni wale wa Hamilton: mwanaume kifua wazi, kikoi kiunoni, akitokea nyuma ya mwombaji kazi wao. Mikono miwili ikanishika shingo kama jogoo wa Krismasi.

"Mwizi! Wallahi leo umefika! Mwizi wa lori!"

Ninavyojijua, mtihani hauniachi nusu. "Kipimo," nikasema kwa pumzi iliyobaki, "kiko bar nane." Mzee wa Hamilton, kwa mazoea ya kazi, akauliza kama mshale umesimama. Nikamwambia umesimama. Nyuma yake yule mama anapiga kelele ipigwe 111, namba ya dharura ya kwao, kwamba mtu anauawa. Sijui polisi wa New Zealand wangepita wapi, lakini nia yake niliishukuru.

Askari wa zamu mpya akaja anapuliza filimbi. Yadi nzima ikaamka: mataniboi, madereva waliokuwa wakisubiri karatasi za mpakani, mama chapati na mti wake wa kusukumia. Wakaniteremsha. Taa ikanimulika vizuri.

"Huyu si fundi wetu?" mama chapati akasema. "Mwizi gani anavaa tai?"

"Mama, wa tai ndio hatari zaidi," askari akajibu. Ukweli ni kwamba hakukosea sana.

Wakamwita Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa wetu. Alifika na tochi, koti la jeshi juu ya pajama, na mhuri mfukoni, kwa maana mzee yule haendi popote bila mhuri. Alistaafu jeshini, Kiswahili chake ni cha amri. Akasikiliza dereva, akasikiliza askari, kisha akaniuliza mimi.

"Mzee, nilikuwa kwenye intavyu."

"Na nani?"

Nikaionyesha dashibodi. Simu ilikuwa bado inawaka, na nyuso mbili ndani yake zimekodoa macho.

Mwenyekiti akaichukua, akaishika mbali na macho yake. "Huyu ndiye mwenzako?" Kiingereza hakitumii kwa mambo ya usalama, akasema, kwa hiyo nitamkalimania. Ikawa hivyo: mshtakiwa ndiye mkalimani, dereva wa Mombasa bado kaning'ang'ania ukosi, na taniboi mmoja aliyefika kidato cha nne amesimamishwa pembeni kuhakikisha sichezi na maneno.

"Muulize yuko wapi na kwao ni saa ngapi."

"Anasema Hamilton, New Zealand. Saa tatu na nusu asubuhi, Jumanne."

Mnong'ono ukapita. "Mnaona?" Mwenyekiti akasema. "Mtu anadanganya hadi saa."

Nikamwomba mzee wa watu aigeuzie kamera dirishani. Akaigeuza. Jua! Jua jeupe la baridi, na malori yamepangwa mstari, yameoshwa. Watu wakasukumana kuangalia. Dereva wa Mombasa naye akachungulia, akaona usukani uko kulia kama wake, vidole vikalegea kwenye ukosi wangu. "Hizo tairi mpya zote?" akauliza. Hakuna aliyemjibu.

"Muulize," Mwenyekiti akaendelea, sauti imebadilika, "anamdai huyu kijana pesa ngapi."

Hilo lilikuwa na kidonda chake. Mpwa wake alimlipa ajenti mmoja pesa za shamba, akaahidiwa kazi ya bohari ng'ambo, na ndege aliyoiona ni ile iliyopita juu ya Tororo. Nikauliza. Mzee wa Hamilton akakaa sawa kwenye kiti. Akasema hadai hata senti, kwamba sheria ya kwao inakataza mwajiri kumtoza mtu malipo ili ampe kazi. Akaongeza kwamba yeye ndiye aliyelipa ada na kukaguliwa na uhamiaji kabla ya kuruhusiwa kuajiri mgeni.

"Kwa hiyo hata yeye alifanyiwa intavyu," Mwenyekiti akasema. Hilo lilimfurahisha kuliko yote. "Vizuri. Sasa barua yake ya LC1 iko wapi?"

"Mzee, kule hakuna LC1."

"Hakuna vipi? Mtu anahama mtaa, nani anamwandikia? Mtu anafungua akaunti benki, nani anamtambulisha? Muulize, mtaani kwake nani anamjua?"

Nikauliza. Mzee akamtazama yule mama. Mama akainua mkono, akasema yeye anamjua, ni mtu mwema.

"Huyo anamlipa mshahara," Mwenyekiti akakata. "Hafai kuwa shahidi."

Wakati huo dereva alikuwa ameniachia kabisa, anataka kujua mshahara. Nikawaeleza kwamba kima cha chini cha sheria kule, kuanzia Aprili 2025, kilikuwa dola 23.50 za kwao kwa saa, na fundi anapata juu ya hapo. Taniboi wa kidato cha nne akapiga hesabu kwenye simu: elfu hamsini hivi za Uganda. Kwa saa. Kimya. Askari akavua kofia, akauliza kwa adabu kama malori yale yana mtu wa kuyalinda usiku.

Ni mama chapati peke yake aliyebaki na akili. "Nyumba je? Kodi?"

Mzee wa Hamilton akakohoa. Akasema ni ghali, na kule kodi hulipwa kwa wiki.

"Kwa wiki!" mama chapati akashika kichwa. "Yaani mwenye nyumba anakugongea kila wiki? Mwanangu, kaa hapahapa."

Simu ikazimika, chaji imeisha. Mwenyekiti akatoa hukumu papo hapo: mimi si mwizi, dereva asilale kwenye lori lililo mikononi mwa fundi bila kutoa taarifa, na kikao hiki kina ada yake kama vikao vingine. Nikalipa. Dereva akaniomba radhi akiwa amekunja kikoi, kisha akaniuliza kama breki zilipita mtihani. Zilipita.

Asubuhi bosi wangu alikuwa ameshajua kila kitu, maana Malaba haina siri inayofika saa mbili. Hakukasirika kwamba natafuta kazi kwingine. Alinikata pesa ya dizeli niliyounguza.

Barua pepe ikaja wiki hiyohiyo. Nimevuka. Wanataka cheti changu kitathminiwe na mamlaka yao ya vyeti, NZQA, na wanataka wadhamini wawili: aliyewahi kunisimamia kazini, na mtu mwingine wa heshima katika jamii. Mzee aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba wa pili anadhani ameshakutana naye.

Nikawapa namba ya Mwenyekiti. Wao wakampigia kwa saa zao nzuri, wakaongea naye kupitia taniboi, na Mwenyekiti akanisifu sana. Tatizo ni kwamba tangu hapo naye anayo namba yao. Huwapigia akishafunga duka, saa kumi na mbili jioni, akiwa ametulia na chai yake. Kule inakuwa saa tisa usiku.

Juzi mzee wa Hamilton ameniandikia tena. Anasema faili langu linaendelea vizuri, ila Mwenyekiti amemwamsha tena akiuliza habari za ile barua. Anauliza, kwa heshima zote, kama barua kutoka baraza la mji wake itatosha.

Nikampelekea Mwenyekiti ujumbe. Akafikiri kidogo, akaugusa mfuko.

"Baraza ni sawa," akasema. "Ila mwambie mhuri usiwe wa kuskani."