Pipa la mchuzi wa zabibu liko wapi?

Asanteni kwa habari ya wachoraji wanaoonyesha jinsi mvinyo unavyobadilisha vijiji vya Dodoma. Mimi niko Muheza, zabibu nazijua za gengeni tu, lakini ile picha ya trekta likipita pembeni ya mtama nimeirudia mara tatu.

Sisi Tanga yalishatukuta. Mjerumani Hindorf alileta mkonge mwaka 1893, miche 1,000, ikapona 62 tu, na hiyo hiyo ndiyo iliyoijaza nchi mistari iliyonyooka. Babu yangu alikuja manamba, yaani kibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, akakata mkonge mpaka akasahau njia ya kurudi. Leo mjukuu wake najiita mtu wa Tanga, Kiha sijui hata salamu (bibi alikuwa akinicheka sana kwa hilo). Mchoraji wa mvinyo anichoree mtu wa namna hiyo.

Halafu kwenye picha hizo chupa zimezidi jamani! Mkonge ukiuacha shambani mwezi mzima haukudai kitu. Zabibu ikiiva na mnunuzi hajafika, inaoza ukiiangalia. Na Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo roho juu mara mbili. Ndiyo maana wapo wanaokamua wakauza mchuzi wa zabibu badala ya tunda. Sasa mbona pipa la mchuzi sikuliona hata kwenye picha moja? Glasi za hotelini nimezihesabu nne.

Wakimaliza huko waje na huku. Korona (viwanda vya kuchakata mkonge) zilizokufa zipo, kuta ni pana, rangi tutachangishana.