Sahihi Yangu Si Maoni Yangu

Jumamosi asubuhi, kijana mwenye kitambulisho shingoni alibisha lango letu hapa Kileleshwa, Nairobi, akiwa na rundo la hojaji kuhusu jengo jipya la fleti. "Mama, ni dakika mbili tu," akaniambia. Nikamuuliza jengo litakuwa na ghorofa ngapi. Hakujua. Fleti ngapi? Hakujua. Maji yatatoka wapi? Akaniomba niandike tu jina, nambari ya simu na nitie sahihi. Nyuma yake, ng'ambo ya barabara, kiwanja kilikuwa kimeshazungushiwa mabati na mjakaranda wa mwisho umelazwa chini.

Nilikataa. Mzee jirani alitia sahihi kwa kumhurumia kijana aliyeshinda juani. Hapo ndipo roho inaponiuma, kwa sababu sahihi ile ya huruma itabandikwa kwenye ripoti ya tathmini ya athari za mradi kwa mazingira, na itasomwa kwamba wakaazi wameombwa maoni yao.

Sheria haikukusudia hivyo. Kifungu cha 10 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Kanuni za tathmini ya mazingira za 2003, pale mradi unapofanyiwa utafiti kamili, zinataka mabango karibu na eneo, tangazo gazetini wiki mbili mfululizo, redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji, na mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 nayo inamtaka mwenye mradi aujulishe umma na kuualika kutoa pingamizi kwa kaunti. Na si maneno ya karatasini tu. Mwezi Juni 2019, Tribunali ya Kitaifa ya Mazingira, inayosikiliza rufaa za leseni za mazingira, ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Lamu, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Lakini rufaa mbele ya tribunali hiyo ina muda wake, siku 60. Utazihesabuje, ikiwa hukujua leseni ya mradi imetolewa?

Sipingi nyumba. Nairobi inazihitaji, na watakaohamia ghorofa hizo ni vijana wanaoanza maisha, watakaopanga foleni ya boza la maji pamoja nasi. Wao pia wanastahili jengo lililofikiriwa vizuri. Hata hivyo, mabomba ya majitaka ya mtaa huu yalitandazwa enzi ambapo kila ua ulikuwa na nyumba moja ya chini na bustani. Mvua za Aprili zikishika, kifuniko cha shimo la majitaka pale kwenye kona huinuka na uchafu ukamwagika barabarani. Mama anayeuza matunda pale anajua saa ambayo maji yatapanda. Huhamisha meza yake kabla hayajamfikia, ndizi kwanza, kisha maparachichi. Hana kipande cha ardhi Kileleshwa, na hakuna hojaji iliyopelekwa kwake. Angeulizwa, angemwambia mhandisi jambo ambalo hakuna mchoro unaolionyesha. Kumwomba mkaazi maoni ni kutafuta ujuzi wa namna hiyo, awe mwenye hati, mpangaji au mchuuzi.

Ninachodai ni kidogo. Michoro ije kabla ya mabati. Mkutano ufanyike jioni au wikendi, watu wakiwa wametoka kazini, na kwa lugha wanayoielewa. Tukisema bomba halitatosha, tujibiwe kwa maandishi litapanuliwa lini na nani atalipia.

Jumatatu iliyofuata niliiandikia ofisi husika nikiomba kuiona michoro, kwa haki ya habari iliyo katika Kifungu cha 35. Sheria inawapa siku 21 kunijibu. Leo ni siku ya 34, na kina cha shimo la msingi ng'ambo ya barabara kimeshazidi kimo cha nyumba yetu.