Gome la msituni na mikono ya wanafunzi

Katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), dawa za kienyeji huuzwa majani, magome na mizizi. Majani ya mubirizi ukiyachuma leo, yatachipua tena. Mzizi ukichimbwa, mti umekwenda. Gome liko katikati, na hapo ndipo linaponigusa wazo la kuwashirikisha wanafunzi katika kuhifadhi mimea ya dawa inayovunwa porini.

Chukua Prunus africana, mti wa milima yetu ya Kivu. Gome lake hununuliwa hadi Ulaya kwa dawa ya tezi dume, na tangu 1995 biashara hiyo ya nje imo chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mti ukibanduliwa gome kwa kiasi, upande huu na upande wa pili wa shina, unaweza kupona. Ukizungushiwa panga pande zote, unakauka. Hilo mtoto huliona kwa macho yake, na mara nyingi mvunaji na mwanafunzi hulala nyumba moja. Wanaounga mkono wazo hili wana hoja nzito.

Lakini shule ya msingi ya serikali ndiyo iliyotangazwa bure mwaka 2019. Sekondari bado inalipiwa, na gome hilohilo laweza kuwa ndilo daftari na karo. Kumtuma mtoto amwonye baba yake, bila baba kuonyeshwa pato lingine, ni kumbebesha mzigo usio wake. Tena msitu wa Kahuzi-Biega, hifadhi ya taifa iliyo karibu nasi, una watu wenye silaha. Mimi singekubali mwanangu apelekwe huko kuhesabu miti. Na ujuzi wa dawa hizo, sehemu kubwa ni wa Watwa, wenyeji wa msitu huo, waliotolewa msituni hifadhi ilipoanzishwa. Kuuandika kwenye madaftari ya shule bila idhini yao ni kuwanyang'anya mara ya pili.

Kwa hiyo naunga mkono kitalu shuleni. Mbegu za mti huu zikikaa na kukauka hazioti, zinataka kusiwa mapema na kumwagiliwa kila siku, na shule ina mikono ya kutosha. Tena si jambo geni kwetu: mkinini, mti wa dawa ya kwinini, ulitoka Amerika Kusini, ukapandwa mashambani Kivu, na gome lake huvunwa bila kugusa msitu.

Ila anayesia mbegu leo atamaliza sekondari kabla ya gome kufaa kuvunwa. Shule nyingi ziko kwenye viwanja vya makanisa. Iandikwe kabla ya mche wa kwanza kutoka kitaluni: mti huo ni wa shule, wa parokia, au wa familia ya aliyeupanda?