Tochi inataka namba za watu wangu za nini?

Jamani hivi kweli aplikesheni ya tochi inahitaji kuona namba zote nilizosevu kwenye simu? Angalau tangu Android 6.0 ya 2015 simu inakuuliza ruhusa moja moja, zamani ulikuwa unakubali zote kwa mkupuo. Ila inayonikera kuliko zote ni ile ya kuandikia noti, nimeitumia miaka, nilikuwa nafungua naandika nafunga basi, hata bando likiisha inafanya kazi, ndo maana nilikuwa siwezi kukaa bila hiyo, sasa wameiapdeti eti lazima nifungue akaunti, niwe na intaneti, halafu nitazame tangazo la sekunde 30 ndo nione maandishi yangu mwenyewe! Mtu umesimama kwenye foleni unatafuta namba ya risiti, yenyewe inazunguka tu, watu nyuma wanalalamika. Na manotifikesheni ya usiku wa manane, ati "tumekumiss". Mimi sihitaji mambo mengi, ifunguke haraka, isile chaji, itunze nilichoandika. Nimeshaifuta, siku hizi noti naandika kwenye meseji najitumia mwenyewe.