Sifa za objekti, zinakili kwa mkono

Katika programu nyingi za Objective-C, lugha ya kuandikia programu, utakikuta kitanzi (loop) kile kile cha kunakili objekti: class_copyPropertyList inaleta majina ya sifa za klasi, kisha valueForKey: na setValue:forKey: zinahamisha thamani moja moja hadi objekti ya pili. Mistari haifiki kumi, na sifa mpya ikiongezwa kesho huna cha kugusa. Nimekitumia miaka mingi. Sasa nakikataa.

Kilichonibadilisha ni skrini ya kuhariri oda. Mtumiaji alirekebisha nakala. Akibonyeza Ghairi, nakala inatupwa na oda ya awali inabaki ilivyokuwa. Siku moja nilifuta mchele kwenye nakala, nikaghairi, nikarudi kwenye oda: jina la mteja lipo, mchele haupo. Bidhaa zilikaa kwenye NSMutableArray, orodha inayobadilika, iliyotangazwa strong, yaani inashikwa ile ile bila kunakiliwa, na kitanzi kilikuwa kimehamisha anwani yake ya kumbukumbu tu. Oda mbili, orodha moja.

Utaambiwa tangaza sifa hiyo copy, ili kila thamani inayowekwa inakiliwe kwanza. Kwa NSString, yaani maandishi, sawa kabisa. Kwa NSMutableArray umejitega: inayohifadhiwa ni NSArray isiyobadilika, na addObject: ya kwanza inaiangusha programu.

Kitanzi pia hakileti sifa za klasi mama. Na kinachonikera zaidi ni readonly, sifa ya kusomwa tu: KVC, utaratibu ulio nyuma ya valueForKey: na setValue:forKey:, isipopata njia ya kuandika, kwa kawaida hutafuta kigeu chenyewe na kukiandika kimyakimya. Aliyeandika readonly alikuwa na sababu yake, jamani!

Kwa hiyo naandika copyWithZone:, mbinu inayoitwa objekti inaponakiliwa, mwenyewe, mstari kwa mstari. Jina la mteja nalinakili. Bidhaa nazipitisha kwenye initWithArray:copyItems:, inayonakili na vilivyomo ndani ya orodha, maana kunakili orodha peke yake kunaacha bidhaa zile zile ndani, na kilo zikibadilishwa huku zinabadilika na kule. Delegate, objekti inayopokea taarifa kutoka kwa oda, naiacha wazi, nakala itatafutiwa yake. Kwenye kila mstari najiuliza: hiki ni cha oda zote mbili, au kila moja ipate chake? Kitanzi hakiwezi kujibu, hakijui oda ni nini.

Kusahau sifa mpya kunawezekana, sibishi. Ndiyo maana nina jaribio linalojaza oda nzima, kuinakili, kisha kulinganisha. Humo ndimo class_copyPropertyList inaponifaa: inapita majina yote na kunitajia sifa niliyoiruka.