Somo la kompyuta bila kompyuta: linafika wapi na linakwamia wapi

Ubishi huu haujaanza jana. Shule ina kompyuta moja au mbili, au haina kabisa, na watoto wa miaka 9 mpaka 12 wanatakiwa wafundishwe sayansi ya kompyuta. Kuna wanaosema subirini vifaa vije kwanza, kufundisha kompyuta kwa makaratasi ni kuwadanganya watoto. Kuna wanaosema mashine yenyewe haina ulazima, kinachofundishwa ni namna ya kufikiri na kufikiri hakutaki umeme. Mi naona hawa wa pili wako sahihi kuhusu pa kuanzia ila wanakosea sana kuhusu pa kuishia, na hapo ndo watoto wanapoumia.

Nianze na nguvu ya karatasi maana watu wengi wanaidharau bila kuijua. Miaka ya 1990 wataalamu wa kompyuta Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows walikusanya mazoezi ya kufundisha sayansi ya kompyuta bila mashine, mradi wao unaitwa CS Unplugged na umekuzwa zaidi Chuo Kikuu cha Canterbury huko New Zealand. Chukua lile zoezi la kadi tano zenye vidoti 16, 8, 4, 2 na 1. Watoto watano wanasimama mbele, kila mmoja na kadi yake, unawaambia nataka vidoti 19, wanahangaika kidogo wanagundua ni 16 na 2 na 1, waliobaki wanafunika zao. Baadaye unauliza kuna namba yoyote kuanzia 0 mpaka 31 ambayo haiwezekani, wanaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, na yule anayesema kadi inayofuata lazima iwe na vidoti 32 ameshaelewa kitu ambacho watu wazima wengi wenye leptopu hawajawahi kukielewa, kwamba mashine yote inaendeshwa na vitu vya hali mbili tu, imewaka au imezima.

Au mchezo wa kutafuta namba. Nimeficha namba kati ya 1 na 100, mwanafunzi anataja namba moja moja mpaka anachoka, mwenzake anauliza je iko juu ya 50, kisha anakata nusu, anakata nusu tena, maswali 7 yanatosha. Ukipanua iwe kati ya 1 na milioni maswali ni 20 tu. Mtoto wa miaka 10 akiona hiyo anashtuka, na hapo hujagusa kibodi, umemfundisha kwa nini njia moja ya kutafuta inaishinda nyingine.

Na sio hisia tu. Mwaka 2017 watafiti Felienne Hermans na Efthimia Aivaloglou walichapisha utafiti wa huko Uholanzi wa wanafunzi 35 wa shule ya msingi, kundi moja wakaanza na masomo bila mashine halafu wakaingia kwenye Scratch, ile lugha ya kuandika programu kwa kuunganisha vipande vya rangi kwenye skrini, kundi lingine wakaanza na Scratch moja kwa moja. Baada ya wiki 8 uelewa wao haukuachana, ila walioanza bila mashine walijiamini zaidi na walitumia aina nyingi zaidi za vipande vya Scratch. Wanafunzi 35 ni wachache, siwezi kuwabebesha mzigo wa dunia nzima, lakini angalau ile hofu kwamba kuanza na karatasi kunamchelewesha mtoto haijapata nguvu hapo. Ila soma vizuri: makundi yote mawili yaliishia kwenye kompyuta. Wanaopenda kuutaja huu utafiti wanairuka hiyo sehemu.

Kwani karatasi inakosa nini? Inakosa ukatili wa mashine. Mwanafunzi anaandika maagizo ya kumpeleka mwenzake mlangoni, anaandika nenda mbele hatua tatu, geuka, nenda mbele mbili. Geuka wapi? Hajasema. Lakini yule anayejifanya roboti anauona mlango kwa hiyo anageukia upande sahihi, darasa linapiga makofi, mwalimu anafurahi, na kosa limepita salama. Binadamu anajaza mapengo bila hata kujua, kompyuta haijazi, inasimama au inafanya upuuzi ulioandika, na huko kusimama ndo nusu ya somo lenyewe. Kuna dawa kidogo, roboti akae ageuzie mgongo ubao, asijue lengo ni nini, achore njia kwenye karatasi yake ya miraba kwa kufuata kinachosomwa tu, na agizo lisiloeleweka anyooshe mkono na kusimama. Inasaidia sana, nawaomba walimu waijaribu. Lakini bado ni mtoto, atachoka, atakisia. Halafu kuna kitu kama marudio, kwenye karatasi ukirudia mara kumi darasa limeshaboeka, wakati mashine inarudia mara elfu moja kabla hujapepesa jicho, na huwezi kuhisi kwa nini marudio yana thamani kama hujawahi kuyaona yakikimbia hivyo.

Na mchezo unaweza kubaki mchezo. Mwalimu asiyejua kadi za vidoti zinahusiana vipi na picha iliyoko kwenye simu atacheza nao vizuri, wataenda nyumbani wakijua kufunua kadi, basi. Kwa hiyo wanaosema njia ya karatasi ni rahisi kwa sababu haina gharama, mi siafiki, gharama imehamia kwenye kichwa cha mwalimu na huyo lazima afundishwe kwanza.

Tugeukie wale wa subirini vifaa. Peru iligawa leptopu za mradi wa One Laptop per Child, yaani leptopu moja kwa kila mtoto, kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi, na mwaka 2012 ukatoka utafiti uliofanywa na watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika kwenye shule 319 za vijijini, alama za hesabu na lugha hazikupanda. Nitende haki, walikuta dalili nzuri kidogo kwenye vipimo vya uwezo wa kufikiri, na mradi ule haukuwa somo la sayansi ya kompyuta. Ila unatosha kuonyesha kwamba mashine ikifika haiji na somo ndani yake. Shule inayokaa miaka minne ikisubiri maboksi, siku yakifika watoto watafundishwa kuwasha, kuzima na kuchapa barua, wataambiwa hiyo ndo kompyuta.

Ile kompyuta moja iliyopo ndo inaniuma zaidi. Mara nyingi inakaa ofisini au mwalimu anaitumia kuonyesha kwenye projekta huku wengine wanatazama tu. Piga hesabu, wanafunzi 40, kipindi cha dakika 40, kila mmoja dakika moja, haina maana yoyote. Sasa wagawe makundi ya wanne, makundi 10, kila kundi dakika 4, na sharti la kukaribia mashine ni kuja na programu imeshaandikwa kwenye karatasi pamoja na utabiri wa kitakachotokea kwenye skrini. Dakika 4 zinatosha kuchapa programu fupi, kuiona inagoma, kurudi kwenye dawati kutafuta kosa na kuwapisha wengine. Scratch inaweza kusakinishwa ikafanya kazi bila intaneti, kwa hiyo hata mtandao sio kisingizio. Na mwalimu awe mkali kuhusu nani anashika kibodi, maana ukiwaacha, yule mwenye kompyuta nyumbani ataishika kila siku na wale waliokuwa wanahitaji zaidi watakuwa wanamwangalia mgongo.

Watu wa vifaa wana hofu moja ambayo naiheshimu kuliko zote, kwamba bajeti zikibana, wakubwa watasema si mnaweza kufundisha kwa kadi, basi kadi zinatosha. Watoto wa shule zenye vifaa wataandika programu, wengine watafunua vidoti mpaka wamalize shule ya msingi, na wote watahesabiwa kwamba wamesoma sayansi ya kompyuta. Hiyo hatari ni ya kweli na njia ya karatasi inaibeba ndani yake, haijalishi walioibuni walikuwa na nia gani. Ndo maana mpango wowote wa kufundisha bila mashine naupima kwa kuangalia kama umeandika ni darasa la ngapi mtoto ataendesha programu yake mwenyewe kwenye mashine, hata kama ni dakika 4 kwa wiki, na ni nani anawajibika kuileta hiyo mashine. Mpango usio na hayo mawili mi siuungi mkono, hata kama mazoezi yake ni mazuri kiasi gani.